Takamine: Mjapani Aliyeitia Sindano Mizani

Jina la Jokichi Takamine si jina linalotajwa barazani huku kwetu pwani. Waulize wazee waliokaa kunywa kahawa jioni, watakutajia wafalme, washairi na manahodha wa kale, lakini huyu hawamjui. Hata hivyo, msomaji mpenzi, ni nadra kuona hospitali, iwe Lamu au Kitale, ambayo kazi ya mikono yake haimo kabatini. Imo ndani ya kichupa cha kioo kilicho kidogo kuliko kidole cha mwisho, chenye maji yasiyo na rangi ya kiasi cha mililita moja tu, na aghalabu hakitolewi ila saa ya hatari. Ndani ya kichupa hicho mna adrenalini, homoni inayochomwa kwa sindano ikaibana mishipa ya damu. Takamine ndiye aliyeitoa safi, na leo napenda kueleza maisha yake, kwa sababu kazi yake imeniponyea wagonjwa, na siku moja nusura niitumie kumharibu mtoto wa watu.

NYUKI WA KITALE

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1978, nikiwa kijana niliyemaliza mafunzo ya utabibu siku si nyingi, nilipelekwa kazini Kitale. Kwa mtu wa pwani ile ilikuwa dunia nyingine. Mashamba ya mahindi hayana mwisho, Mlima Elgon umekaa upande wa magharibi kama ukuta, na asubuhi baridi na ukungu humfanya mtu avae koti juu ya koti. Wenyeji walinicheka kwa kutetemeka kwangu, lakini walinikirimu.

Jioni moja wakati wa mavuno, vibarua walimleta mwenzao juu ya tela la trekta. Alikuwa ameumwa na nyuki shambani. Nilitazamia kuona vivimbe vichache vya kupaka dawa; nilichokiona kilinitisha. Midomo ilikuwa imefura, macho yamefumba kwa uvimbe, mwili mzima umeota vipele kama aliyemwagiwa upupu. Pumzi yake ilipiga mluzi. Nikaushika mkono wake kutafuta mapigo, nisiyapate.

Mwuguzi mmoja mzee, aliyekuwa amekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, hakungoja nimalize kuwaza. Alivunja shingo ya kichupa, akanitilia dawa katika sindano ndogo, akanionyesha paja la mgonjwa kwa upande wa nje. Nikachoma nusu mililita ndani ya nyama. Tukamlaza chali na kuinua miguu yake. Baada ya dakika tano nikachoma tena kiasi kile kile. Mluzi wa kifua ukaanza kulegea, mapigo yakarudi mkononi, na ilipofika saa ya Isha yule bwana alikuwa akiomba maji ya kunywa. Nilikwenda kuswali nikiwa na mengi ya kushukuru.

Nilipopata nafasi nikakiokota kile kichupa kitupu nikakitazama. Maji ya nusu mililita, ambayo hayajazi hata kijiko cha chai, yalikuwa yamemrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi. Nani aliyegundua kitu hiki? Swali hilo ndilo lililonipeleka, miaka iliyofuata, katika vitabu vya maktaba, na huko ndiko nilikomkuta Takamine.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Mtu anapopatwa na mzio mkali, iwe kwa sumu ya nyuki, kwa sindano ya penisilini, au kwa chakula kisichopatana na mwili wake, mishipa yake ya damu hulegea yote kwa pamoja na kuvuja. Damu imo mwilini, lakini haina msukumo, mfano wa mfereji wa shamba uliobomoka kingo zake: maji yapo, lakini hayafiki kwenye mimea. Wakati huo huo njia za pumzi hujifunga. Adrenalini huibana mishipa ile ili presha ipande, huupa moyo nguvu, hufungua njia za pumzi, na huzuia mwili kuendelea kumwaga zile kemikali zilizoleta balaa. Nguvu yake hudumu kwa dakika chache tu, na kwa sababu hiyo pengine hubidi kuirudia.

MWANA WA TABIBU

Takamine alizaliwa tarehe 3 Novemba 1854 katika mji wa Takaoka, Japani, akakulia Kanazawa. Mwaka huo ndio Japani, iliyokuwa imejifungia milango kwa zaidi ya miaka 200, ilipotia saini mkataba wa kufungulia meli za Marekani bandari zake. Baba yake, Seiichi, alikuwa tabibu katika milki ya Kaga, mtu aliyefuata dawa za kale huku akisoma elimu ya wageni. Mama yake alitoka katika ukoo wa watu waliojua kuchachusha mchele kutengeneza pombe. Mambo hayo mawili, utabibu wa baba na uchachushaji wa kwa mama, yatamfuata maisha yake yote.

Akiwa bado mtoto alipelekwa Nagasaki, bandari ambayo kwa Japani ilikuwa kama Mombasa na Lamu zilivyokuwa kwetu, mahali ambapo watu wa mbali hushuka na bidhaa zao, lugha zao na maarifa yao. Huko alijifunza lugha za kigeni. Baadaye alisoma utabibu Osaka, lakini moyo wake uliangukia kemia. Akaingia chuo cha uhandisi cha Tokyo, akahitimu mwaka 1879 katika kundi la kwanza la wahitimu wa chuo hicho. Serikali ikampeleka Glasgow, Uskochi, kuongeza elimu, na mwaka 1883 akarudi nyumbani kufanya kazi katika wizara ya kilimo na biashara.

Mwaka 1884 alitumwa Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya pamba katika mji wa New Orleans. Huko alipata mambo mawili. La kwanza ni habari za mawe ya fosfeti yanayosagwa kuwa mbolea, na aliporudi alishirikiana na matajiri wa Tokyo kuanzisha kampuni ya mbolea mwaka 1887. La pili ni mchumba. Alimpenda binti mmoja wa mji huo, Caroline Hitch, na mwaka 1887 wakaoana. Zama hizo ndoa ya Mjapani na Mmarekani ilikuwa jambo la kutazamwa kwa macho makali pande zote mbili za bahari. Bi. Caroline alimfuata mumewe Japani, na watoto wao wawili wa kiume wakazaliwa huko.

Fauka ya hayo, Takamine aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali yake iliyosimamia hataza, yaani haki ya mgunduzi kulindiwa ugunduzi wake. Hapo alijifunza somo ambalo wavumbuzi wengi hulipata wakiwa wamekwisha chelewa: kwamba elimu bila hati hunyakuliwa na mwenye nguvu.

MOTO WA PEORIA

Mwaka 1890 alihamia Marekani pamoja na jamaa yake. Alikuwa na wazo lililotoka kwa watu wa mama yake. Wajapani hutumia kuvu fulani, iitwayo koji, kuugeuza wanga wa mchele kuwa sukari kabla ya kuuchachusha. Wamarekani walifanya kazi hiyo kwa shayiri iliyooteshwa. Takamine aliona kuvu yake ni ya haraka na rahisi zaidi, na matajiri wa vileo wakamkubalia ajaribu katika mji wa Peoria.

Waliokuwa wakiishi kwa kuuza shayiri hawakupendezwa. Mwaka 1891 moto ulizuka katika kiwanda, mitambo ikateketea. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa ini, hali yake ikawa mbaya hata ikambidi apelekwe Chicago kutibiwa. Mradi wake wa vileo ukafia hapo.

Lakini alipopata nguvu aliitazama tena ile kuvu kwa jicho jingine. Kitu kinachosaga wanga ndani ya pipa, kwa nini kisisage wanga ndani ya tumbo la mgonjwa? Akatengeneza dawa ya kusaidia tumbo lisilosaga chakula vizuri, akaipa jina la Taka-Diastase, na mwaka 1894 akapata hataza yake. Kampuni ya dawa ya Parke, Davis ya mji wa Detroit ikainunua na kuiuza. Mlango wa kileo ulifungwa kwa moto. Ulipofunguliwa mwingine ulikuwa wa dawa.

SIRI YA TEZI JUU YA FIGO

Juu ya kila figo la mwanadamu, na la mnyama pia, pamekaa kitezi kidogo kama kofia. Kwa karne nyingi matabibu walikiona wasijue kazi yake. Katika miaka ya 1894 na 1895 Waingereza wawili, George Oliver na Edward Schäfer, walitangaza kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kitezi hicho, yakitiwa katika mshipa wa mnyama, huibana mishipa ya damu na kuipandisha presha kwa ghafla. Habari ikaenea, na madaktari wakaanza kutumia maji ya tezi za kondoo na ng'ombe.

Matatizo yakazuka papo hapo. Maji yale yalioza upesi. Yalikuwa na uchafu mwingi. Na baya kuliko yote, hakuna aliyejua nguvu yake: chupa ya leo yaweza kuwa kali, ya kesho dhaifu, na mgonjwa ndiye wa kubahatishiwa. Ikawa lazima kitu chenyewe kinachofanya kazi kitolewe peke yake, kikauke, kipimwe kwenye mizani. Huko Baltimore, Profesa John Jacob Abel alikifukuzia kwa miaka, na mwaka 1897 akatangaza alichokipata, akakiita epinefrini. Lakini baadaye ilionekana kwamba alichokuwa nacho hakikuwa safi. Kemikali aliyotumia kukitoa ilikuwa imeshikamana nacho.

Takamine alikwisha hamia New York mwaka 1897, na Parke, Davis wakamtaka naye ajaribu. Maabara yake ilikuwa chumba cha chini ya nyumba. Msaidizi wake alikuwa kijana wa Kijapani, Keizo Uenaka, aliyefundishwa kemia Tokyo na Profesa Nagai, mtaalamu mashuhuri wa dawa za miti. Katika Julai 1900, wakifanya kazi na tezi za wanyama, waliyatia amonia yale maji waliyoyasafisha, na chini ya chombo zikajitenga chembe ngumu, fuwele ndogo ndogo. Kilikuwa ndicho chenyewe. Takamine akakiita adrenalini, akaomba hataza mwezi Novemba mwaka huo, na mwaka 1901 akaitangazia dunia.

Hapa sina budi kusema jambo lisilompamba shujaa wangu. Mkono ulioziona fuwele zile kwanza ulikuwa wa Uenaka, na daftari lake la kazi, lililohifadhiwa hata leo katika hekalu moja huko Japani, laonyesha siku kwa siku alivyofanya. Jina lake halikuwekwa katika hataza, wala halikupewa nafasi yake mgunduzi alipotangazwa. Uenaka aliishi hadi 1960 na wala hakufanya makelele. Mimi niliyeokolewa kazini na mwuguzi ambaye jina lake halikuandikwa popote siwezi kulipita jambo hili kimya.

Hataza ilitolewa mwaka 1903. Washindani walipotengeneza dawa kama ile, kesi ikafika mahakamani New York, na mwaka 1911 Jaji Learned Hand akaamua kwamba kitu cha maumbile kikitolewa safi hata kikawa dawa kwa namna isiyokuwapo kabla, mwenye kukitoa aweza kupewa haki yake. Hukumu hiyo ilibishaniwa na wanasheria kwa miaka zaidi ya 100, hata mwaka 2013 mahakama kuu ya Marekani ilipoamua kwamba urithi wa mwili uliotolewa tu kutoka katika maumbile hauwezi kuhodhiwa na mtu.

Wengine huniuliza, na wana haki ya kuuliza, mintarafu ya zile tezi: zilitoka kwa mnyama gani, amechinjwa vipi? Jibu ni kwamba mwaka 1904 Mjerumani Friedrich Stolz aliitengeneza adrenalini kwa kemia tupu, bila ya mnyama. Adrenalini iliyomo katika vichupa vya hospitali zetu leo ni ya kutengenezwa namna hiyo.

AGOSTI KULE BUNGOMA

Madaktari waliipokea dawa mpya kwa furaha. Wapasuaji wa macho na pua waliitumia kuzuia damu. Mwaka 1903 madaktari wawili wa New York walieleza jinsi walivyoichoma chini ya ngozi za wagonjwa wa pumu. Na mwaka huo huo Mjerumani Heinrich Braun aligundua kwamba ukiichanganya kidogo na dawa ya ganzi, mishipa ya mahali pale hujibana, damu hupungua, na ganzi hukaa muda mrefu pasipo kusambaa mwilini. Mpaka leo zipo chupa za lignokeini peke yake, na zipo chupa za lignokeini iliyotiwa adrenalini. Mchanganyiko huo ndio uliotaka kunitia msibani.

Mwaka 1980 nilikuwa nimehamishiwa upande wa Bungoma. Barabara ya kutoka Kitale hupita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ndipo uingie Bungoma, na ukiipita mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili utakutana na jambo la kukusimamisha. Huo ndio msimu wa tohara ya Wabukusu. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakigonga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, huku wakisindikizwa kwa nyimbo. Hufika kwa wajomba. Na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope la mtoni, wakaja kusimama wima mbele ya omukhebi, ambaye ndiye ngariba wao, pasipo kupepesa jicho. Sisi wa pwani tuna tohara yetu na ngariba wetu, tena watoto wetu hutahiriwa wakiwa wadogo. Lakini ule mchanganyiko wa fahari ya baba na khofu ya mama niliufahamu mara moja.

Hata siku hizo walikuwapo wazazi waliopenda watoto wao watahiriwe kwa ganzi. Siku chache baada ya Idi niliandaliwa mtoto wa miaka 12 hivi katika zahanati moja. Mjomba wake na jamaa wengine walikuwa nje wakiimba. Nilikuwa na kazi nyingi asubuhi ile, nimeshona kichwa cha mtu aliyekatwa na panga, na ile chupa ya ganzi niliyoitumia ilikuwa bado juu ya meza. Nikaivutia sindano, nikamsogelea mtoto.

Mwuguzi aliyenisaidia alikuwa mama wa makamo, Mbukusu, ambaye sisi sote tulimwita Mama. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, bila ya kunifedhehesha mbele ya mtoto, kama nimesoma chupa ile ni ya aina gani. Nikaigeuza. Kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba ina adrenalini. Sindano nikaiweka chini, na mikono yangu ikaanza kutetemeka kuliko ilivyotetemeka kwa baridi ya Kitale.

Msomaji atauliza, kosa ni nini? Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi inayoingiliana. Ukifunga huu, damu huja kwa ule. Uume hauna anasa hiyo. Ukiibana mishipa yake yote kwa pamoja, damu haina njia nyingine ya kupita, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tohara kwa ganzi wakataza wazi wazi kutumia lignokeini yenye adrenalini. Katika vidole, wapasuaji wa mikono wa siku hizi wameona kwamba khofu ya zamani ilizidi kiasi, na wenye ujuzi huitumia. Lakini kwa tohara katazo liko pale pale.

Mtoto yule alitahiriwa salama kwa chupa nyingine. Jamaa zake walimpokea kwa vifijo, wakanipa mkono na kunishukuru. Nilizipokea shukrani zile huku nikijua zilikuwa za nani.

MAHALI, KIPIMO NA JINA

Tangu siku hiyo nimewafundisha vijana wengi wa kazi yetu, na huwaambia kwamba adrenalini yataka mambo matatu yatazamwe kabla ya kuchomwa.

La kwanza ni mahali. Kwa mzio mkali huchomwa katika nyama ya paja, upande wa nje. Kichupa kizima kikiingizwa katika mshipa wa damu wa mtu ambaye moyo wake wapiga, presha yaweza kupanda hata mshipa wa ubongo ukapasuka, au mapigo ya moyo yakaenda mrama. Njia ya mshipa ni kwa moyo uliosimama, au kwa mgonjwa mahututi anayepewa kidogo kidogo huku akiangaliwa kila dakika.

La pili ni kipimo. Kichupa cha kawaida kina miligramu moja katika mililita moja. Mtu mzima mwenye mzio mkali hupewa nusu yake, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake, sehemu moja ya mia ya miligramu kwa kila kilo, isizidi nusu miligramu. Kwa moyo uliosimama mtu mzima hupewa miligramu moja katika mshipa, na aghalabu iliyozimuliwa mara kumi. Zamani kipimo kiliandikwa kwa uwiano, moja kwa elfu na moja kwa elfu kumi, na watu wenye haraka walizichanganya sifuri. Mwaka 2016 Marekani iliacha kuandika uwiano huo katika vichupa vya adrenalini pekee, ikabakiza miligramu.

La tatu ni jina. Kwa sababu ya yale mashindano ya Abel na Takamine, dawa hii hata leo ina majina mawili, adrenalini na epinefrini, na sanduku laweza kufika na jina hili au lile. Ni kitu kimoja. Kadhalika itunzwe mbali na mwanga. Ikigeuka rangi ikawa ya waridi au kahawia, itupwe.

Na wewe mzazi usiyekuwa tabibu, lako ni nini? Mtoto wako akipelekwa tohara kwa ganzi, uliza kwa adabu kama ganzi ile haina adrenalini. Tabibu mwema hatachukia. Ukiwa umewahi kufura kwa nyuki, kwa kamba wa baharini au kwa penisilini, litaje kabla ya sindano yoyote. Na mtu akianza kufura midomo na kukosa pumzi, usimpake majani ukangoja: mlaze, na ikiwa pumzi inamsumbua mwache akae, lakini usimwache asimame na kutembea, kisha mkimbize hospitali. Wengi hufa kwa kucheleweshewa sindano hii, wachache mno kwa kupewa ipasavyo.

MWISHO WA SAFARI

Takamine alitajirika. Mwaka 1913 alikuwa rais wa kwanza wa kampuni ya dawa ya Sankyo huko Japani, na mwaka huo aliwahimiza wananchi wake wajenge taasisi kubwa ya utafiti wa sayansi. Taasisi hiyo, Riken, ilianzishwa mwaka 1917 na ingali ipo. Huko Marekani alitumia mali yake kuwapatanisha watu wa nchi mbili zake. Alijitolea gharama ya miti 2,000 ya micheri ipandwe katika mji mkuu, Washington. Miti hiyo ilifika mwaka 1910 ikiwa na wadudu na magonjwa, ikabidi ichomwe moto. Moto tena! Lakini mtu huyu alikwisha zoea moto. Mwaka 1912 ikaja miti mingine 3,020, zawadi ya mji wa Tokyo, na yeye akiwa mmojawapo wa waliogharimia. Hadi leo watu humiminika kila mwaka kutazama maua yake.

Pamoja na hayo yote, sheria za Marekani za wakati wake hazikumruhusu Mjapani kuwa raia. Aliishi huko miaka 30 na zaidi, akaoa huko, akawaponya wagonjwa wake, na akafa mgeni. Alifariki New York tarehe 22 Julai 1922, akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa makaburi ya Woodlawn katika mji huo.

Nikimfikiria sasa, sioni kwamba alituletea nguvu mpya. Nguvu ya kubana mishipa ilikuwamo katika miili yetu tangu mwanadamu alipoumbwa, nayo hutushika kila tunaposhtuka. Alichotuletea yeye na Uenaka ni mizani ya kuipimia. Sisi tuliofundishwa tangu chuoni kutopunja mizani twajua thamani yake: kitu kile kile, kikipimwa, kilimrudishia pumzi kibarua wa Kitale, na kisipotazamwa, kingalimwangamiza mtoto wa Bungoma. Yule mtoto leo, akiwa hai, ni mtu mzima mwenye wajukuu huenda. Hajui habari za Takamine, wala hajui ni swali gani alilouliza Mama yule asubuhi ile. Lakini mimi najua, na ndiyo maana nimeandika.